Rozari ku Mizizi ya Tomate Zangu

Shemeki Nsimire,

Usishituke. Mwandiko huu wenye kupanda na kushuka kama barabara ya Kamituga ni wangu, hakuna mutu aliyenishikia kalamu. Unajua niliacha masomo mwaka wa ine wa primeri, ile siku mwalimu aliniambia nifute ubao, na mimi nikaufuta na kofia yake. Wewe ulimaliza mwaka wa sita. Hata hiyo niliionea wivu, tangu siku ndugu yangu mudogo alikuleta nyumbani na baba akasema mbele ya watu wote, «Sasa tumepata mutu wa kutusomea barua.» Kabla yako mimi ndiye nilikuwa nasoma barua za familia. Nilikuwa nasoma vibaya, na pale penye nilishindwa nilikuwa naongeza maneno yangu, lakini watu walikuwa wananyamaza na kunisikiliza.

Leo wewe utasoma ya kwangu. Na safari hii sikuongeza kitu.

Kilichonisukuma kuandika ni wivu, tena ule ule. Dereva wa lori mwenye kuenda Kamituga alipita hapa Bagira, akakaa ku kibaraza changu, akamaliza kasiksi yangu yote, ile pombe ya ndizi, kisha akapanguza midomo na kusema, «Muzee, shemeki yako njo mwenye kulisha Kamituga sasa. Iko na tomate kama ngumi ya mwanaume. Bachimbaji ba zahabu banamupangia mustari kila asubuhi.»

Nikamuuliza, «Na majani yake?»

«Ya kijani mupaka chini.»

«Na saa sita, jua likiwa kali, hayalegei?»

«Muzee, nilienda kununua tomate. Sikuenda kuzipima homa.»

Nikamunyanganya kikombe. Nilikaa peke yangu nikiwaza wale vijana wenye matope mupaka ku masikio, wasiojua hata jina la baba yako, wakiuma tomate zako na maji yakiwachuruzika ku kidevu. Na mimi, niliyekuona siku ya kwanza ukishuka na kitenge kipya na viatu mukononi kwa sababu ya matope, nakula tomate za mukebe. Nilikasirika kama bwana aliyeibiwa muke. Ndugu yangu, pumziko lake liwe jema, anisamehe. Ni tomate nilikuwa nawaza.

Unakumbuka namna baba alitugawia shamba la bondeni? Mimi mukubwa nilipata upande wa juu, udongo mweusi, mulaini. Ninyi mukapata upande wa chini, karibu na kijito, penye vyura vilikuwa vinaimba kuliko korali. Nilicheka mupaka nikakohoa. Nikakuambia, «Shemeki, mutavuna vyura, mutatuletea miguu yake.» Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Wewe ukaniangalia, ukaangalia pengo langu la mbele, lile jino nililoacha mu ugomvi wa mupira, ukasema, «Papa Mapengo, miguu ya chura iko na mifupa. Utaitafuna na nini?»

Jina likabaki. Mupaka leo watoto wa avenue hawajui jina langu la ubatizo.

Hiyo ilikuwa raha yetu. Kwetu shemeki anachokozwa, na shemeki anajibu, na hakuna mwenye kukasirika. Wewe ulikuwa unajibu vizuri kuliko wote. Wakati ndugu yangu alituacha, nilizani utaanza kunyamaza. Hukunyamaza. Ulivaa nyeusi mwaka muzima na ukaendelea kunitukana kwa heshima, na mimi nilijua hapo kama utapona.

Lakini ule upande wa vyura, shemeki! Kwa musimu wa pili tu ulikuwa jardin, bustani kamili. Mama wa Nguba, wake wa matajiri, walikuwa wanashuka na magari yao mupaka penye barabara inakatikia, wanavua viatu vyao vya visigino, wanapita mbele ya tomate zangu bila hata kugeuza shingo, wanaenda kwako. Siku moja mama mumoja alisimama mbele ya mustari wangu. Nikajikohoza, nikavaa shati. Akasema, «Papa, njia ya kwenda kwa Maman Nsimire iko wapi?» Nilimuonyesha njia ya kupotea.

Nilianza kukuchunguza. Mutu mwenye wivu anakuwa polisi bila mushahara. Na mambo niliyoyaona kwako hayakuwa ya kawaida, ukubali hata wewe.

Ya kwanza, sufuria. Ile kubwa ya alumini ya arusi yenu. Unaiweka ku mafiga, unaweka maji kidogo chini, unapanga matawi, juu yake gunia, juu ya gunia udongo, unafunika, unawasha kuni. Unapika udongo! Na katikati ya udongo unazika kiazi kimoja. Siku ya kwanza nilikukuta pale, nikasema, «Shemeki, njaa imefika huko?»

Ukasema, «Ninapikia mbegu zangu kitanda. Baba yangu alikuwa anafanya hivi Lwiro, mu jardin ya wazungu wa masomo. Kiazi kikiiva, basi udongo umeiva, na kila kidudu mwenye kulala ndani amekufa. Njo hapo ninamwaga mbegu.»

«Na kiazi?»

«Kiazi ni cha mutu mwenye kuuliza maulizo mengi.»

Ukakichomoa, ukakimenya, ukanipa na chumvi. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa na harufu ya mvua. Nilikula viazi vya namna ile sijui mara ngapi, kila musimu wa kuotesha nilikuwa napitia kwako kama mwenye njia.

Ya pili, jembe. Hukukopesha mutu jembe lako. Sisi wote wa bondeni tunakopeshana hata kijiko, wewe jembe lako linalala ndani ya nyumba kama mutoto mugonjwa. Ya tatu, beseni la maji pale mwanzo wa shamba, na kila mwenye kuingia anawa miguu. Nilikuambia, «Hapa ni shamba ao ni mulango wa mbingu?» Ukasema, «Mbinguni utafika na miguu michafu, mutajuana na Petro. Kwangu unanawa.» Ya ine, yale maua ya njano yenye kunuka vibaya, yamezunguka tomate. Na ya tano, mufereji. Ulichimba mufereji kati ya shamba langu na lako, maji ya kwangu yasishukie kwako. Ile iliniumiza. Nilisema moyoni, ameanza kukata undugu.

Na kila asubuhi, jua likianza kugusa bonde, ulikuwa unatembea mu mistari na rozari yako mukononi, midomo ikienda. Nilikuwa nakuona toka juu. Nilikuwa naonea wivu hata Bikira Maria, juu alikuwa anapewa salamu hamsini kila siku na mimi moja tu, tena ya kuniuliza kama nimeoga.

Sasa nifike ku kitunga.

Unakumbuka kile kitunga. Ilikuwa mwisho wa mavuno, ulingoa tomate zote za pembe moja karibu na kijito, ukakata mizizi, ukaiweka mu kitunga na kuifunika na jani la mugomba. Nikatoka juu nikaona. Kitu chenye kufunikwa! Nilisema, ni hii. Hii njo dawa yenyewe, yale mengine yote ni maigizo ya kutupoteza.

Siku ya Mungu, wakati uko mu misa ya kwanza, nilishuka. Ndiyo, shemeki. Wewe unaimba Gloria, mimi niko mu jardin yako bila kunawa miguu. Nilifunua jani. Mizizi ilikuwa na vinundu, vingi, vidogo na vikubwa, vimefuatana kama shanga. Na hapo masomo yangu ya nusu njo yaliniua. Unakumbuka monitere wa kilimo aliyekuwa anapita na pikipiki, alitungolea siku moja maharagi, akatuonyesha vinundu ku mizizi, akasema, «Hivi ni chakula cha udongo, hivi ni mbolea ya bure.» Nilikumbuka hiyo tu. Nikasema: mwanamuke huyu iko na mbolea ya bure, kitunga kizima, na anaificha!

Nilibeba kitunga. Nilikata mizizi vipandevipande na panga, nikaizika mu kila tuta langu. Nilifanya kazi vizuri, sijawahi kufanya kazi vizuri vile maisha yangu yote. Nilifikia misa ya pili na kucha zikiwa nyeusi, na wakati wa kupeana amani nilikupa mukono.

Kesho yake ukapita nyumbani. «Papa Mapengo, hukuona kitunga changu?»

«Labda mbwa.»

Uliniangalia kidogo. Ukasema, «Maskini huyo mbwa. Mizizi ile nilikuwa ninaikausha nipate kuichoma moto. Mwenye kuichukua asiiweke mu udongo, unasikia? Akiizika, atalia yeye na majirani yake.»

Nilisikia. Maneno yako yote niliyasikia, hii siwezi kuifuta na kofia ya mwalimu. Ulinipa dawa na onyo kwa mara moja, na mimi nikasema ndani yangu: angalia namna anajua kuficha, hata wivu anao.

Musimu uliofuata tulifanya salongo kama kawaida, kazi ya pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule. Tulianza kwangu. Majembe yote yakaingia mu udongo wangu, yakatoka na matope yangu, yakaenda kwa majirani wote. Kwako tu hayakufika, juu wewe ulikataa salongo: «Nitalima peke yangu polepole.» Watu wakanuna.

Na tomate zikaanza. Asubuhi zimesimama, saa sita zimelala kama walevi, magaribi zimeamuka kidogo, kesho zimelala zaidi. Majani ya njano. Matunda kama shanga za mutoto. Biringanya vile vile, karoti zikatoka na vidole sita. Bonde lote lilikuwa linakauka na maji yapo, na katikati yake kulikuwa kipande kimoja cha kijani. Chako.

Siku ile tulikutana wote bondeni kutazama hasara. Nilingoa tomate moja mbele ya watu. Mizizi ikatoka imejaa vinundu, shanga juu ya shanga. Shemeki, mimi nilivitambua. Ni vile vile vya kitunga. Nilijua dakika ile nani alivileta, hata kama sikujua vilikuwa nini.

Na wewe ulikuwa unapita ku njia na rozari yako. Watu wote walikuwa wananiangalia, mimi mwenye kuchekesha. Nikanyanyua ule muzizi juu, nikapiga kelele, «Shemeki! Umesali mupaka umeotesha rozari ku mizizi ya tomate zangu!»

Walicheka. Wewe pia ulicheka, ukajibu, «Basi isali, Papa Mapengo, umeikosa muda murefu!» Ilikuwa jibu zuri. Lakini kicheko kikiisha, sauti ya mwanamuke moja ikasema, «Kwa kweli. Kwa nini yake tu njo yenye kupona?»

Ilianzia hapo, mu mudomo wangu. Wengine walijenga tu juu yake. Anatembea asubuhi akitaja maneno, na mizizi yetu inaota shanga. Anapika udongo mu sufuria. Anakula kiazi cha ndani ya udongo. Anachoma mizizi. Anakataza watu kukanyaga kwake. Jembe lake halitoki. Amezunguka shamba na maua ya kaburi. Mufereji, juu alijua mbele nini itashuka toka shamba la juu. Kila kitu ulichofanya kulinda tomate, kiligeuka ushahidi.

Mama wa Nguba wakasikia. Magari hayakushuka tena. Ilifika zamu ya kusali nyumbani kwako, shirika letu lote la watu wa avenue tunaosali pamoja kila alamisi, na hakuna aliyeingia. Walisimama barabarani, Maman Presida, mwenye kuongoza shirika, mbele yao na kitabu cha nyimbo kifuani. Ulikuwa umetandika viti. Ulikuwa umefua hata mapazia. Ukatoka mulangoni, ukawaangalia moja moja, ukafika kwangu.

«Papa Mapengo,» ukasema, «sema basi kitu. Wewe njo mwenye maneno mengi. Viazi vyangu ulikula, vilikuua?»

Shemeki, nilikuwa na kiazi chako mu tumbo miaka kumi na nikasema, «Mimi siingii mu mambo ya wanawake.»

Nataka uelewe kwa nini, na haitakufurahisha. Haikuwa woga peke yake. Woga ulikuwepo, ndiyo, ningesema kitunga wangenirukia mimi. Lakini chini ya woga kulikuwa kitu kingine, kidogo, kitamu, kama sukari chini ya kikombe. Siku zile magari ya Nguba hayakushuka tena kwako, nilikuwa nalala vizuri. Bonde lilikuwa limekufa lote, na mimi nilikuwa na furaha juu hata wewe ulikufa nasi. Njo namna hiyo wivu iko. Hautaki kupata. Unataka mwenzako akose.

Uliondoka kwenda kwa binti yako Kamituga, na sanduku moja na jembe lako. Sufuria uliniachia mimi. Uliiweka ku kibaraza changu, ukasema, «Hii utaihitaji,» hukuongeza tusi. Katika miaka yote, siku ile tu hukuongeza tusi, na mimi nikajua imeharibika.

Ile sufuria nilipikia nguruwe.

Na shamba lako nikalichukua. Nani angelichukua, mimi si kaka wa marehemu? Nilifukia mufereji. Maua niliyangoa, nikatupa. Beseni likapasuka. Nikaingia na jembe langu na matope yake yote. Musimu wa kwanza lilinipa tomate nzuri, nikavaa shati kila asubuhi nikingoja magari. Musimu wa pili nilingoa mumea moja, nikakuta rozari.

Hapo nilikaa chini mu udongo na kulia kama mutoto. Mimi, na mapengo yangu yote.

Kulikuwa kijana mwanamuke mwenye masomo ya udongo, na buti kubwa kumuzidi, alikuwa anazunguka bonde akiuliza watu. Alinikuta pale. Alichukua muzizi wa haragi na muzizi wa tomate, akaiweka mukononi mwangu. «Papa, kwangua kinundu na ukucha.» Cha haragi kikangoka, ndani yake chekundu kidogo kama ufizi. Cha tomate kikakataa, juu hakikubandikwa ku muzizi, ni muzizi wenyewe umevimba. Akaniambia ndani mwake kuna minyoo midogo, jicho haliwezi kuiona, iko na jina la Kifaransa refu kuliko yenyewe. Inanyonya, inataga, inangoja. Yenyewe haiendi mbali. Ni sisi tunaibeba: ku jembe, ku miguu, mu miche, mu maji yenye kushuka toka shamba la juu.

«Na ku mizizi yenye kuzikwa?» nikauliza.

«Papa! Nani anaweza kuzika mizizi ya namna hiyo?»

Nilimuambia labda mbwa.

Akanifundisha mambo ya kufanya, na kila alichotaja nilikuwa nimekiona tayari na macho yangu, mu shamba lako, zamani. Ngoa yote na mizizi, kausha ku jiwe, choma. Osha jembe. Osha miguu. Chimba mufereji. Misimu miwili usipande tomate wala biringanya, panda mahindi, minyoo ile ikose chakula. Wakati wa kiangazi geuza udongo jua liupige. Weka mbolea ya kuku. Panda yale maua ya njano. Haimalizi minyoo yote, akasema, inaipunguza tu, na kila musimu unaanza tena. Na miche, uioteshe mu udongo wenye umepikwa. «Unaweka kiazi katikati,» akaanza.

«Najua,» nikasema. «Kikiiva, umeiva.»

Akashangaa. «Nani alikufundisha?»

Shemeki, jina lako nililitafuna kama mufupa wa chura.

Nilisugua sufuria yako na muchanga siku mbili mupaka harufu ya nguruwe ikatoka. Nikapika udongo ku kibaraza changu mbele ya watu wote. Nikanunua beseni. Nikachimba mufereji, murefu kuliko wako, mugongo ulinitukana kwa niaba yako. Na unajua watu walisema nini kuona mwanaume anapika udongo, anakatalia watu jembe, anachoma mizizi? Walinipa jina: Enjenieri. Wanakuja kunisalimia. Maman Presida mwenyewe alionja kiazi. Kitu kile kile, sufuria ile ile, wewe uliitwa muchawi na mimi Enjenieri. Hapo wivu wangu kwa mara ya kwanza ulisimama upande wako: ningetaka hata mutu moja aniogope kidogo, tuwe sawasawa.

Ndiyo maana barua hii niliisoma kwanza kwao. Alamisi jana, mu shirika, baada ya wimbo wa mwisho, niliomba neno. Walizani nitachekesha. Nilisoma mupaka penye wewe umefika sasa. Kitunga nilikisoma mara mbili, juu mutu wa nyuma alisema hakusikia.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenisamehe vilevile, usizani. Moja aliinuka akatoka. Maman Presida akasema, «Tulisimama barabarani sisi wote. Alikuwa amefua mapazia.» Akalia. Wengine wakaanza kusema watakutumia dereva na salamu za shirika. Akawakatiza: «Hapana. Dereva hakuiba kitunga. Papa Mapengo, barua utaipeleka wewe mwenyewe.»

Nikasema barabara ni mbaya na mimi ni muzee.

Akasema, «Ukiwa mu njia utasali rozari. Ile uliyoichekea.»

Kwa hiyo haya ya mwisho ninayaandika leo asubuhi, dereva anapiga honi. Nyuma ya lori nimepanga miche yako, mia moja na zaidi, mu udongo niliopika mwenyewe, kila mumoja mu jani lake la mugomba. Shamba la bondeni limepumzika na mahindi misimu miwili, mufereji uko, maua yameanza kunuka vibaya vile unapenda. Ni lako. Nimesema mbele ya shirika, wameandika. Ukirudi, utapanda wewe, mimi nisiguse. Ukikataa kurudi, miche ibaki kwako, na nitarudi kulinda shamba lako mupaka nife. Wachimbaji wako nitawaonea wivu toka mbali, kama mukristo.

Nilimuomba dereva akupe barua hii yeye, mimi nibaki nyuma kidogo. Ukifika ku mustari huu, inua basi macho, shemeki. Yule muzee mwenye kusimama kule nje ya jardin yako, na kitunga cha miche ku kichwa na matope ya Bagira ku miguu, ni mimi. Sitaingia. Nangoja uniletee maji ninawe, ao unitukane nirudi.

Lakini unitukane.

Kaka wa bwana yako, shemeki wako mwizi,
Papa Mapengo